Nyumba Njema Si Mlango

Hotuba hii ilitolewa uani mwa Ngome ya Lamu baada ya sala ya Isha, mbele ya mafundi, wanafunzi wa ujenzi, kina mama na wazee wa mitaa. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa safarini au baharini usiku ule. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Assalamu aleikum, wazee wangu. Mama zetu, shikamoni. Mafundi, poleni na kazi. Na nyinyi wanafunzi mliokaa chini mikekani kwa kuwa viti vimekwisha, msione mmedharauliwa. Kwa haya nitakayosema, nyinyi mmepata mahali bora kuliko walio vitini.

Nimeitwa nizungumze juu ya majengo, na najua baadhi yenu mnangoja milango. Mtu wa Lamu akisimama kusema juu ya majengo huanza na nakshi: ua hili lilitoka wapi, fundi wa mlango ule alikuwa nani. Milango yetu imepigwa picha mpaka imechoka. Mimi leo sina mlango hata mmoja. Wahenga walishatuambia, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi tufungue, tuingie. Na tukishaingia nitawaomba mfumbe macho.

Swali langu ni hili. Ni kitu gani kinachokwambia, ukiingia mahali, kwamba hapa wewe ni mwenyeji? Hati ya kiwanja haikwambii. Tunawajua watu wenye hati na funguo mfukoni, na wakiketi ndani ya nyumba zao wanaketi pembeni mwa kiti. Na tunawajua wengine hawana hata chumba cha kupanga, lakini wakifika kwa shangazi yao wanavua viatu, wanapita moja kwa moja mpaka ndani, wanafunua chungu. Nani aliyewaambia kwamba wana ruhusa?

Mimi naamini waliambiwa na sikio, na pua, na ngozi, na unyayo. Jicho nalo lilikuwapo, lakini jicho huchelewa. Tena jicho hudanganyika kwa rangi mpya.

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia. Ni heshima, na imetusaidia. Bila heshima ile sijui mitaa mingapi ingekuwa imeshabomolewa. Lakini sikilizeni mabishano yetu juu ya nyumba tangu siku zile. Mengi ni mabishano ya macho. Ukuta wa mbele urudi ulivyokuwa, ghorofa isizidi, bati lisionekane kutoka pwani. Sawa. Na ndani je? Kuna nyumba huku Mkomani ukiitazama kwa nje utasema ni ile ile ya mababu. Ingia sasa. Haina sauti ya nyumba ya Lamu, haina harufu yake, haina baridi yake. Jicho limeridhika. Mwenye nyumba anakuja Desemba.

Haya, fumbeni macho. Na wazee pia, hakuna wa kuwacheka. Sikilizeni.

Mnawasikia wale pale Mkunguni wanaocheza dhumna? Kuna punda upande wa soko. Kuna mtoto analia huko juu na mama yake anamtuliza. Sauti yangu inawafikia mara moja tu, hairudi ikawagonga tena kisogoni, kwa sababu juu yetu hakuna dari, na kwa sababu nyinyi wenyewe, kwa wingi wenu na nguo zenu, mnainywa. Fumbueni. Kuna mtu aliyehitaji macho ili ajue kwamba yuko Lamu?

Nianze na sikio basi, maana nalo lina kesi kubwa.

Nyumba zetu za mawe zina daka mbele, yaani ukumbi mdogo wa nje ya mlango, na daka lina baraza mbili zinazotazamana. Ukivuka mlango unaingia tekani, kile kijia cha ndani ya mlango, na tekani inapinda. Inapinda makusudi, ili jicho la mpita njia ligonge ukuta lirudi lilikotoka. Lakini sauti haikuzuiwa. Sauti inapinda pamoja na tekani, inaingia kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, inapanda ngazi, inamfikia mama aliye juu kwenye kidari cha meko anakuna nazi. Wajenzi wale walijua wanachofanya: mwili ungoje nje, jicho lisiingie kabisa, sauti ipite.

Unapiga hodi. Mama anauliza kutoka juu, "Nani?" Nawe unajibu nini?

Semeni. Unajibu nini?

"Mimi!"

Mnacheka, lakini lifikirini jibu hilo. Duniani kuna jibu gani lisilo na habari kuliko hilo? Kila mtu ni "mimi". Na bado mama kule juu anajua ni nani, anajua umetoka wapi, na kama una homa anaijua. Anakwambia, "Pita, mwanangu, mlango haukufungwa." Kujulikana kwa sauti yako tu, bila jina, bila sura: mimi sijui alama nyingine ya uenyeji inayozidi hiyo. Na alama hiyo inategemea jengo. Inataka mji usio na ngurumo ya magari, ukuta unaorudisha sauti ya mtu bila kuiharibu, na umbali kati ya daka na meko ambao koo la binadamu linaumudu.

Sasa tunaweka geti la chuma na kengele ya umeme. Kengele ina sauti moja kwa watu wote. Mtoto wa nyumba akibonyeza ni ngringi, mdai akibonyeza ni ngringi. Mama huko juu hana njia ya kujua. Anashuka ngazi zote kwa wasiwasi, au hashuki kabisa. Sisemi kengele ni haramu. Nasema tulipoiweka tulidhani tunaongeza kitu, na hatukuangalia tulichokiondoa.

Niwape na kisa cha pili cha sikio. Kuna ukumbi mmoja wa mikutano, sitautaja uko wapi, ulijengwa kwa fedha za watu wema. Vigae chini mpaka kung'aa, vioo pande mbili, bati juu na dari nyembamba chini yake. Kwa picha ni mzuri. Wakaanza mikutano ya maji, ya shule, ya bima ya afya. Kina mama walikaa nyuma, ndiyo adabu ya kwetu. Mkutano wa kwanza walijaa. Wa pili wakapungua. Baada ya miezi hakuna hata mmoja, na kamati ikaandika katika ripoti yake kwamba wanawake wa eneo lile hawana hamu na mambo ya maendeleo.

Hawana hamu! Siku moja ukumbi ule ule ukatumika kwa harusi. Wenye harusi wakatandika mikeka na mazulia ukuta kwa ukuta, wakatundika mapazia juu ya vioo vyote. Shekhe akasimama kutoa nasaha. Bibi mmoja aliyekaa nyuma kabisa akamgeukia mwenzake akamwambia, "Kumbe ukumbi huu una maneno!" Muda wote ule hawakuwa wakisikia kitu. Walikuwa wakisikia mvumo. Mtu anayesikia mvumo mkutano mzima huondoka na hukumu moja moyoni: pale si pangu.

Ugonjwa huo una historia. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ndani ya jumba lao la sanaa, Fogg. Mwalimu akitamka neno, neno lile lilibaki linazunguka zaidi ya sekunde 5, na yanayofuata yanapanda juu yake. Hakuna aliyeelewa somo. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akaambiwa atafute dawa. Alifanya kazi usiku, mji ukiwa umelala, na vifaa vyake vilikuwa filimbi ya kinanda na saa ya kupimia sekunde. Akaazima mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, Sanders. Anaingiza michache, anapuliza filimbi, anapima sauti inakufa baada ya muda gani. Anaongeza mingine, anapima tena. Asubuhi mito irudi kwa wenyewe. Mwisho akapata kanuni inayotumika mpaka leo: chumba kikiwa kikubwa sauti hukawia kufa, na vitu laini vinavyoinywa vikiwa vingi hufa upesi. Mito, mazulia, mapazia, na watu wenyewe. Jumba la muziki la Boston, Symphony Hall, lililofunguliwa 1900, lilijengwa kwa kufuata hesabu zake.

Mafundi wangu, hesabu ile haina siri. Makuti hunywa sauti, mkeka hunywa sauti, kigae huirudisha. Bibi yule wa harusi alikuwa amefika pale pale alipofika Sabine, isipokuwa hakuna aliyemuuliza.

Nitoke kwenye sikio niende kwenye mkono na unyayo. Hapa nina kisa ambacho huwa naona tabu kukisimulia, lakini nitakisema.

Mtaani kwetu palikuwa na mzee, sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Alipoteza macho akiwa mtu mzima. Kila siku alitoka Langoni akaenda kusali msikiti wake wa zamani huku Mkomani, bila kushikwa mkono na mtoto. Nikiwa kijana nilimfuata nyuma kwa udadisi tu, nijue anafanyaje. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipita juu ya baraza za watu. Baraza ikiisha, ni mlango wa fulani. Baraza iliyosuguliwa laini na makalio ya watu wengi, ni pale wanapokaa wazee wenzake, atoe salamu. Chini ya wikio, chumba kinachovuka juu ya njia, alijua kwa ubaridi uliomshukia kwenye kipaji, na kwa sauti ya makubadhi yake iliyobadilika ghafla. Kwa seremala alijua kwa vumbi la mbao. Kwa mama wa mikate ya mofa, hilo hata mimi najua.

Siku moja mwenye duka mmoja akavunja baraza yake. Alitaka kioo kikubwa mbele, bidhaa zionekane. Haki yake, duka ni lake. Mzee akaja na njia yake, mkono ukateleza ukaangukia hewani. Akasimama. Akarudi nyuma hatua kidogo, akajaribu tena, hewa tu. Mtu aliyezaliwa mji huu, akaolea mji huu, akazika wazazi wake mji huu. Na kijana aliyekuwa dukani, ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo, akamwuliza, "Mzee, unatafuta nini hapa?"

Nawauliza nyinyi wanafunzi. Katika ramani ya ukarabati wa duka lile, mstari wa kumhusu mzee yule ungechorwa wapi?

Unyayo nao unasoma nyumba. Wenye nyumba za zamani wanajua: kutoka kiwandani ukiingia msana wa chini, ule ukumbi mrefu wa kwanza, unapanda kidogo. Msana wa juu, unapanda tena. Ndani, tena. Mgeni aliyevua viatu anapata habari kwa mguu kwamba kila akipanda anaingia kwenye siri ya watu, na mguu wenye adabu unajua usimame wapi. Hakuna aliyemwambia, "Basi, mwisho hapo." Mtoto wa nyumba naye anapanda ngazi zile bila kuzifikiria, hata usiku stima ikipotea. Nyumba mpya ina sakafu moja, kigae kimoja, toka mlangoni mpaka chumbani. Mgeni hajui mpaka wake, na mwenyeji analazimika kuwa askari. Ndipo mnapoona mapazia mazito na funguo kwenye kila chumba.

Hapa nikubali jambo. Ngazi zile ni adui wa magoti. Mama yangu sasa hafiki juu, na nyumba aliyolelea watoto imemfungia nusu yake. Kwa hiyo siwaambii mjenge vizingiti kwa ajili ya ushairi. Kinachotakiwa ni mguu uhisi tofauti, na tofauti inaweza kutengenezwa bila kupanda: chokaa iliyosuguliwa mbele, mkeka katikati, mbao ndani. Fundi mwenye akili ataipata.

Na ngozi? Juu ya ngozi nitasema haraka, kwa sababu hili mnalijua kuliko mimi. Ukuta wa matumbawe na chokaa wenye unene wa karibu nusu mita hukawia kupata moto mchana, na chokaa inaruhusu unyevu utoke. Boriti ya mkoko haibebi dari pana, karibu mita 3 ndio mwisho wake, na ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, hewa inapita. Mkipaka saruji juu ya ukuta ule mnaufunga pumzi. Chumvi inatafuta njia, lipu inabambuka. Matumbawe hatuwezi kurudi kuyachimba, miamba ile ni nyumba ya samaki tunaowala. Lakini kivuli, unene wa ukuta na dirisha linalopokea kaskazi na kusi havijakatazwa na mtu.

Sasa nataka niwavuruge kidogo, msije mkatoka hapa mkidhani nyumba ikiwa baridi na tulivu basi kazi imekwisha.

Katika miaka ya 1940, kule Misri, serikali ilitaka kuwahamisha watu wa Gourna, waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale ng'ambo ya Luxor. Kazi ya kuwajengea kijiji kipya ikapewa msanifu Hassan Fathy. Huyu hakuwa mtu wa saruji. Alijenga kwa tofali za udongo, ua ndani ya kila nyumba, hewa inazunguka, kuba juu. Mpaka leo wasanifu wa dunia nzima wanakwenda kukitazama kijiji kile. Ni kazi nzuri, nami naipenda. Wenyeji wengi wakakataa kuhamia.

Kwa nini? Sababu zilikuwa zaidi ya moja, na ya riziki ilikuwamo: maisha yao yalifungamana na pale pale walipokuwa, na hawakuwa wao walioomba kuhama. Lakini moja ni kuba zile. Kwa msanifu, kuba ilikuwa njia ya busara ya kuezeka bila mbao na kupata ubaridi. Kwa mtu wa kijijini, kuba ni paa la kaburi la walii. Mwambie mtu alale na wanawe chini ya paa la kaburi, halafu umsifie ubaridi wake.

Milango ya fahamu haiingii mahali mitupu. Kila mmoja unaingia na kumbukumbu zake. Raha ni kitu kimoja, uenyeji ni kitu kingine, na msanifu anaweza kukupa raha bila kukupa uenyeji.

Tena hatuna haja ya kwenda Misri. Tumekaa wapi sasa hivi? Ngome hii ilianza kujengwa karibu mwaka 1813, ikamalizika karibu 1821. Kuanzia 1910 mpaka 1984 ilikuwa jela. Vijana mnakuja hapa kusoma na kusikiliza mashairi. Kwenu ni uwanja wa furaha. Lakini nilimwomba mzee mmoja aje usiku wa leo, akaniambia nimsamehe. Anasema lango lile likifungwa, sauti yake anaijua, na sauti ile ilimchukulia ndugu yake. Kuta zimepakwa, maua yamepandwa, vyumba vya wafungwa vimekuwa vya maonyesho. Jicho lake limeona yote hayo. Sikio halijakubali.

Je, tufanye nini na sikio la namna hiyo? Mimi nadhani ni kulipatia sauti nyingine, na kulipatia kwa muda mrefu. Kila harusi inayofanyika uani hapa, kila vugo, ngoma ya harusi ya kina mama, linalopigwa, pembe zikilia chini ya kuta hizi, inafanya kazi ambayo fundi wa rangi haiwezi. Haitamfikia mzee yule. Itawafikia wajukuu zake.

Nimebakisha pua, na pua ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Wataalamu wa ubongo wanaeleza kwamba habari za macho na masikio hupitia kwanza kituo kimoja katikati ya ubongo kabla ya kusambazwa. Harufu ina njia yake ya mkato: inafika karibu moja kwa moja kwenye sehemu za hofu, mapenzi na kumbukumbu. Ndiyo maana ukipita mahali ukasikia udi wa aina fulani, bibi yako aliyekufa zamani anakuwa mbele yako kabla hujajua umenusa nini.

Mji huu una ramani ya harufu. Jioni ya Alhamisi ubani unatoka madirishani. Asumini na vikuba kwa mabibi harusi. Papa mkavu karibu na gati. Na tusidanganyane, kuna mavi ya punda, na kuna mifereji ambayo ingekuwa imefunikwa tangu zamani. Watu wa utalii wakisema harufu ya Lamu, mifereji hawaitii kwenye sentensi. Mimi naitia, kwa sababu mtoto anayekulia kando ya mfereji mchafu anajifunza kwa pua yake, kila asubuhi, kwamba mji unamthamini kiasi gani.

Rafiki yangu ni mwalimu, mzaliwa wa bara, kule kwenye mlima na baridi. Alipopangiwa kazi Lamu alilia. Alisema kila kitu kilimwambia aondoke: harufu ya samaki, punda usiku, adhana alfajiri kutoka pande zote, vichochoro vilivyombana. Hakuna mtu aliyemtendea ubaya. Ni mji wenyewe uliokuwa ukimsukuma. Akakaa. Jirani yake akawa anampelekea uji wa pilipili manga Ramadhani, ingawa si Mwislamu, naye akawa anakaa nao barazani akisahihisha madaftari. Usiku mmoja stima ikapotea mji mzima akiwa njiani. Anasema alifika nyumbani kwake, akatia ufunguo mlangoni, ndipo akatambua kwamba hakuwasha tochi. Mkono ulijua ukuta. Pua ilijua pa kukata kona.

Namleta mwalimu huyu makusudi, kwa sababu kuna wenzetu wakisikia habari za uenyeji wanafikiri ni mali ya kurithi, waliozaliwa nayo wanayo na wengine basi. Sivyo. Milango ya fahamu hujifunza, alimradi mahali pawe na kitu cha kufundisha na watu wawe na moyo wa kukaribisha. Ukuta laini usio na alama, ukumbi wenye mvumo, chumba cha kiyoyozi kinachofanana na kila chumba cha kiyoyozi duniani, havimfundishi mtu kitu. Hata aliyezaliwa hapo.

Namalizia na pale panaponiuma zaidi: sehemu za kungojea. Zahanati, ofisi za serikali, benki. Hakuna mahali ambapo mtu hujiona mdogo kama pale.

Maggie Keswick Jencks alikuwa mtu wa kubuni bustani, Uingereza. Mwaka 1993 daktari alimwambia kwamba saratani yake imerudi na kwamba amebakiwa na miezi michache. Kisha, kwa kuwa wagonjwa wengine walikuwa wakisubiri, yeye na mumewe wakaombwa wakae kwenye ujia usio na dirisha. Fikirini. Habari ya namna hiyo, na ukuta mtupu mbele ya uso. Muda aliobakiwa nao aliutumia kupanga mahali pengine pa wagonjwa kukaa. Alifariki 1995, na kituo cha kwanza kikafunguliwa Edinburgh mwaka uliofuata. Kimejengwa kuizunguka meza ya jikoni. Hakuna dirisha la mapokezi. Unaingia, kuna birika, unakaribishwa chai. Sasa viko vingi, na vinaitwa kwa jina lake.

Alivuka bahari kuitafuta baraza? Hapana, aliifikia kwa maumivu yake mwenyewe. Lakini sisi tulizaliwa nayo! Baraza za daka zinatazamana. Magoti yanakaribiana, salamu haina budi. Halafu tukijenga zahanati yetu wenyewe tunapanga mabenchi ya chuma yote yakitazama upande mmoja, kama abiria wa basi, na mama mwenye mtoto anayeungua homa anatazama kisogo cha mama mwingine mwenye mtoto anayeungua homa.

Kwa hiyo nina maombi. Mafundi: kabla hamjavunja baraza, pitisheni mkono juu yake kwanza, na ulizeni mtaani nani anaitumia. Kamati zote, za msikiti, za shule, za ukumbi: siku ya kukagua jengo msisimame mbele na mwenye kamera. Nendeni mkakae nyuma kabisa, mtu asome kitu kwa sauti ya kawaida, mwone kama mnaelewa. Nendeni tena saa saba mchana jua likiwa kali, na tena usiku. Mpeleke mtu asiyeona, mmpeleke bibi wa magoti mabovu, mmpeleke na mtoto, kwa sababu mtoto atawaambia kweli.

Na nyinyi wanafunzi, kazi yenu ni hii, na mwalimu wenu amekubali kuitolea alama. Kila mmoja achague chumba kimoja cha kungojea katika kaunti hii. Akae humo asubuhi nzima bila simu. Aandike kile alichosikia, alichonusa, alichogusa, na ni saa ngapi mtu wa kwanza alimsemesha. Halafu achore chumba hicho upya, kwa vitu vinavyopatikana Lamu na kwa bei ambayo zahanati ya kijiji inaweza kulipa. Mkeka unaruhusiwa. Marumaru, sitaki kuyaona.

Nimemaliza. Ahsanteni sana. Maswali nayapokea, na nitaomba tuanze na waliokaa nyuma.